Damu inavuja tumboni na kamera zote zimetoka safi: kipimo gani kianze, kipi kifuate

Shangazi yangu aliongezewa damu mara 3 ndani ya miezi 11. Mara ya kwanza HB, yani kiwango cha damu, ilikuwa 5.2, akapewa chupa mbili, ikapanda, akarudi nyumbani, miezi mitatu minne baadae kachoka tena hata ngazi tatu za mlangoni hapandi mpaka ashike ukuta. Kamera ya juu, ile inayopitia mdomoni, alishapigwa, ya chini inayopitia nyuma alishapigwa, kote kaambiwa hakuna kitu. Siku anakuja kwangu kabeba bahasha ya kaki imejaa makaratasi mpaka imechanika pembeni, namwamkia, hajamaliza hata marahaba ananiuliza: "Mwanangu, wamesema niko safi. Sasa hii damu inaenda wapi?"

Mimi ni muuguzi, niko chumba cha endoskopi, yani cha hizo kamera, miaka kadhaa sasa, na hilo swali nalisikia sana, ila likitoka kwa mtu aliyekulea linakukaa kifuani. Kwa hiyo naandika hapa mpangilio mzima, kwa sababu watu wengi wanaulizia "kipimo kizuri kuliko vyote ni kipi" afu wanauza shamba kwenda kufanya kipimo cha gharama kwa wakati ambao hakiwezi kuona kitu. Hakuna kipimo kizuri kuliko vyote. Kila kimoja kina kipande chake cha utumbo kinachokifikia na kina hali ya damu inayokifaa. Maswali ya kujiuliza kila hatua ni haya mawili tu: damu inatoka sasa hivi au imesimama? Na kipande gani cha njia ya chakula hakijaangaliwa vizuri bado?

Kabla ya yote: hii ni dharura au sio dharura

Mtu anatapika damu, anaenda choo cheusi kama lami kinachonata na harufu yake sio ya kawaida, au damu mbichi inatoka nyingi, afu anaona kizunguzungu, jasho la baridi, mapigo yanakimbia, huyo hasomi mwongozo, huyo anapelekwa emajensi sasa hivi. Kuna hesabu moja rahisi ambayo hata wewe mwenye mashine ya presha nyumbani unaweza kuifanya: chukua mapigo ya moyo kwa dakika, gawanya kwa ile namba ya juu ya presha. Mapigo 120 na presha ya juu 90 inakupa 1.3. Ikizidi 1 ujue mwili umeshaanza kuzidiwa, na kwa mgonjwa wa hivyo wataalamu wanaweza kuanza na CT skani ya mishipa badala ya kumuandaa kwa kamera. Isipozidi 1 usijifariji nayo, hasa kama anatumia dawa za presha zinazopunguza mapigo, maana hapo hesabu inadanganya.

Jambo lingine ambalo ndugu wengi hawalijui, damu mbichi ikitoka nyuma kwa wingi haimaanishi moja kwa moja tatizo liko chini. Katika kila wagonjwa 100 wanaotoka damu nyingi ya hivyo, kama 10 hadi 15 tatizo lao liko juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo, ila inatoka kwa kasi mpaka inafika chini bado nyekundu. Ndio maana daktari anaweza kuagiza kamera ya juu kwa mtu anayetoka damu chini na wala hajakosea.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwanza kama kweli ni damu

Mtu akiambiwa damu imepungua kitu cha kwanza nyumbani ni juisi ya rozela na bitiruti, jagi zima, na vidonge vya kuongeza damu asubuhi na jioni. Bitiruti inageuza choo kuwa chekundu. Vidonge vya madini ya chuma vinageuza choo kuwa cheusi, ila ule weusi wake una ukijanijani kwa mbali, haunati kama lami na hauna ile harufu kali. Mkaa wa dawa na baadhi ya dawa za tumbo zenye bismathi nazo zinafanya hivyohivyo. Kwa hiyo acha bitiruti siku mbili tatu, angalia tena, na piga picha kwa simu. Najua inaonekana aibu lakini picha moja yenye tarehe inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, mimi nimeona mara nyingi mgonjwa anasema "cheusi kidogo" picha ikifunguliwa kila mtu chumbani anakaa kimya.

Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo kipo cha aina mbili. Kile cha zamani cha karatasi kinachobadilika rangi kinaweza kudanganywa na nyama nyekundu, na vitamini C nyingi inaweza kukifanya kiseme hakuna wakati ipo. Kile kipya kinachotafuta himoglobini ya binadamu hakina shida ya nyama, ila kinaona zaidi damu ya utumbo mpana, ile ya juu inakuwa imeshasagwa njiani. Kwa hiyo kipimo kipya kikisema hakuna, na HB bado inashuka, usikae ukatulia.

Hatua ya pili: maabara ya kawaida ambayo watu wanairuka

FBP kamili, kile kipimo cha damu kinachohesabu chembe zote, sio HB peke yake. Ukubwa wa chembe nyekundu ukiwa mdogo na feritini, yani akiba ya chuma, iko chini, mwili umeishiwa chuma, na kwa mwanaume au mama aliyeshaacha kuona siku zake hiyo inataka maelezo kutoka tumboni mpaka ithibitishwe vingine. Kwa binti au mama anayeona siku zake uliza kwanza hedhi ikoje, kwa uwazi kabisa, maana kuna watu wamepigwa kamera mbili na shida ilikuwa uvimbe wa kizazi. Kwenye vipimo vya figo, yurea ikiwa juu wakati kreatini iko kawaida, hiyo ni dalili kwamba damu inatoka juu na inameng'enywa kama nyama.

Kwetu huku kuna mawili ambayo vitabu vya Ulaya vinayapitia haraka. La kwanza ni safura. Hii minyoo inajishika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu, mmoja mmoja ni kidogo sana, ila mtu akiwa nayo mamia miaka na miaka HB inafika 4 bila hata siku moja kuona damu chooni. Kipimo ni choo, na choo kimoja hakitoshi, peleka sampuli siku tofauti. La pili ni kichocho cha tumbo, hasa kwa watu wa kanda ya ziwa, Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Musoma na upande wa Kenya kina Homa Bay na Mbita. Mayai ya kichocho yanaenda kukwama kwenye ini, mishipa inabanwa, bandama inavimba, na mishipa ya umio inatuna mpaka siku inapasuka mtu anatapika beseni la damu. Altrasaundi ya ini na bandama inaonesha mapema. Kama umekulia kando ya ziwa mwambie daktari hata kama umeshakaa Dar miaka 20, usisubiri aulize.

Afu orodha ya dawa. Zote. Diklofenaki za mgongo, ibuprofeni, aspirini ya moyo, warfarini na klopidogreli za kuzuia damu kuganda, na zile za unga za kuchanganya na uji ambazo hujui ndani kuna nini. Hizi za maumivu hazichimbi vidonda tumboni tu, zinachimba mpaka utumbo mwembamba ambako kamera ya kawaida haifiki. Shangazi alikuwa na miaka 67 na magoti yanamsumbua, kumbe anakunywa diklofenaki mbili kwa siku mwaka wa nne huo, na kwenye mafaili yake yote hakuna karatasi hata moja iliyoandika, kwa sababu kila akiulizwa "unatumia dawa gani" anataja ya presha tu, ya magoti haihesabu kama dawa.

Na kama unapimwa bakteria wa vidonda vya tumbo kwa choo au kwa pumzi, uwe umeacha omeprazo na dawa wenzake za kupunguza asidi wiki 2 kabla, la sivyo kinaweza kutoka hasi na bakteria wapo. Kuacha uacheje, ongea na daktari, usijiamulie kama ulishawahi kutoka damu.

Hatua ya tatu: soma ripoti za kamera za zamani neno kwa neno

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipompata shangazi.

Nilimwaga ile bahasha mezani, nikatenga ripoti ya koloni, yani ya kamera ya chini inayoangalia utumbo mpana. Mwisho wake imeandikwa hakuna tatizo lililoonekana. Mstari wa nne kutoka juu kwa herufi ndogo: maandalizi hafifu, kinyesi kimebaki, mpira (ndio wenye kamera) umefika kona ya kulia chini ya ini. Yani mwanzo wa utumbo mpana, ule mfuko pale upande wa kulia chini ambako uvimbe na vimishipa vibovu vinapenda kukaa, haukuonekana kabisa. Kaambiwa yuko safi, na hapo kulikuwa hakujaangaliwa. Sisemi mtu alifanya kwa makusudi, hospitali yenyewe ina foleni ndefu na mpira mmoja, ila yule mama aliondoka na neno "safi" na hilo neno likazuia kila daktari aliyefuata kuangalia tena.

Kwa hiyo ripoti ya koloni itafute haya: mpira ulifika wapi (unatakiwa kufika mwisho kabisa pale utumbo mwembamba unapoingilia, na picha ya hapo iwepo), maandalizi yalikuwaje, na kama waliingia sentimita chache ndani ya mwisho wa utumbo mwembamba, walikuta damu inashuka kutoka juu au hakuna. Hiyo ya mwisho ni dhahabu, damu ikiwa inashuka kutoka huko ujue chanzo hakiko utumbo mpana. Ripoti ya kamera ya juu angalia kama walifika sehemu ya pili ya duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, na kama tumbo lilikuwa limejaa damu au chakula siku hiyo, maana tumbo lililojaa damu iliyoganda hata bingwa haoni chini yake.

Hatua ya nne: kurudia kamera sio kupoteza hela

Watu wanakasirika sana wakiambiwa warudie. Lakini ukichukua wagonjwa ambao kamera mbili zilitoka safi na bado wanatoka damu, sehemu yao isiyo ndogo chanzo kinaonekana kwa kurudia kamera ileile, kwa mtu mwingine, kwa maandalizi mazuri. Kuna vitu vinavyojificha: mikwaruzo ndani ya hernia ya juu pale tumbo linapopenya kwenda kifuani, mshipa mmoja mnene uliochomoza bila kidonda ambao ukiacha kutoka damu unapotea kabisa, mistari myekundu kama ya tikiti maji karibu na mlango wa kutokea tumbo ambayo inaandikwa ni gastraitisi ya kawaida. Mtu HB yake ikiwa 4 wakati anapigwa kamera, hata vile vimishipa vyekundu vinapauka, havionekani vizuri. Ndio maana kama hali inaruhusu, aongezewe damu kwanza.

Maandalizi ya koloni ndio nusu ya kipimo. Dawa ya kusafisha inagawanywa, nusu jioni, nusu asubuhi ile ya kipimo saa 4 hadi 6 kabla, sio yote jioni ukalala. Vidonge vya chuma acha siku 5 hadi 7 kabla, vinapaka ukuta wa utumbo weusi unaonata ambao hata maji hayautoi. Siku moja au mbili kabla kula vyepesi, usile matunda ya mbegu mbegu kama mapera na pasheni, mbegu zinaziba mpira. Unajua umesafika pale kinachotoka kinafanana na mkojo, chepesi cha njano, unaona chini ya choo. Kikiwa bado cha kahawia mwambie muuguzi kabla hujapanda kitandani. Hatutakugombeza, tutakupa nyingine unywe.

Shangazi alirudia koloni, safari hii nilisimamia mwenyewe dawa, kila robo saa glasi, kulia analia lakini anakunywa. Mpira ukafika mwisho. Safi kweli, safari hii safi ya ukweli. Kwa hiyo tukajua damu inatoka katikati.

Hatua ya tano: utumbo mwembamba

Kati ya wote wanaotoka damu tumboni, kama 5 katika 100 kamera ya juu na ya chini hazioni chanzo, na wengi wao chanzo kipo kwenye utumbo mwembamba. Mita kadhaa za utumbo uliojikunja, mpira wa juu unaishia mwanzoni, wa chini unaishia mwishoni. Hapa ndipo vipimo vinaanza kushindana na ndipo uchaguzi una maana.

Kidonge chenye kamera. Hiki kilitangazwa kwa dunia mwaka 2000, Marekani wakakiruhusu 2001, na kwa mtu aliyetulia ambaye damu haimwagiki ndicho cha kuanza nacho pale kinapopatikana. Urefu kama milimita 26 unene 11, kama kidonge kikubwa cha vitamini. Unafunga tangu jana yake, unakimeza na maji, unafungwa mkanda wenye kifaa cha kurekodi, unazunguka na shughuli zako. Baada ya saa 2 maji, baada ya saa 4 chakula chepesi. Betri inakaa saa 8 mpaka 12 na picha zinafika makumi ya maelfu, daktari anakaa kuzipitia zote.

Uzuri: hakiumi, kinaona utumbo wote. Ubaya: kinaangalia tu, hakichomi, hakikati kinyama cha kupima, hakirudi nyuma. Kinaweza kupita kasi mwanzoni mwa utumbo kikaruka uvimbe mmoja. Na muda ndio kila kitu: kikimezwa wakati damu inatoka au ndani ya siku mbili baada ya kutoka, uwezekano wa kuona uko juu sana, ukisubiri wiki nyingi baada ya damu kusimama unashuka vibaya. Mtu anapewa miadi ya miezi miwili, damu ilishakauka, kidonge kinapita kinaona utumbo mzuri, anaambiwa tena safi. Kama kuna kitu kimoja cha kugombania kwenye safari hii yote ni tarehe ya hicho kidonge.

Hatari yake ni kukwama. Kwa watu wa kawaida ni kama 1 hadi 2 katika 100, ila kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, mwenye historia ya TB ya tumbo, ugonjwa wa Crohn (utumbo kuwaka na kuchubuka kwa muda mrefu), au aliyekunywa dawa za maumivu miaka mingi kama shangazi, uwezekano unapanda kwa sababu utumbo unaweza kuwa na sehemu iliyosinyaa. Mwambie daktari kama tumbo huwa linavimba na kukaza baada ya kula. Kuna kidonge cha majaribio kinachoyeyuka chenyewe kikikwama, unameza hicho kwanza. Kisipopatikana, CT ya utumbo inasaidia kuona kama kuna mbano. Na mpaka uwe umekitoa usiingie kwenye mashine ya MRI. Hujakiona chooni siku 14 zimepita, nenda eksirei ya tumbo.

CT ya utumbo. Hii sio CT ya tumbo ya kawaida. Unakunywa maji maalumu kama lita moja na nusu utumbo utanuke, afu sindano ya rangi. Inaona vitu ambavyo kidonge kinavikosa: uvimbe uliokaa ndani ya ukuta au nje yake, ukuta ulionenepa wa TB au Crohn. Ila vile vimishipa vidogo bapa, ambavyo kwa watu wazima ndio chanzo kikubwa, CT hii inavikosa mara nyingi. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kijana chini ya miaka 40 anayepungua uzito na tumbo linamkata, naipa CT uzito mkubwa mapema. Mzee wa 70 mwenye figo au moyo, HB inashuka kimyakimya, kidonge. Na mzee wa hivyo apimwe na eko ya moyo (altrasaundi ya moyo), maana tangu 1958 daktari Heyde aliandika kuhusu watu ambao valvu kubwa ya moyo imebana na wakati huohuo wanatoka damu tumboni, mambo hayo mawili yanatembea pamoja.

Mpira mrefu. Upo wa aina mbili na watu wanazichanganya. Wa kwanza ni wa kusukuma tu, unapitia mdomoni na kwenda kama nusu mita hadi mita moja na nusu kupita pale mpira wa kawaida unapoishia, na kwenye vituo vyetu vingi wanatumia mpira wa koloni wa watoto kuufanya. Haufiki mbali ila unaweza kuchoma na kukata kipande. Wa pili ni wa maputo mawili, ulioanzishwa na daktari Yamamoto wa Japani, 2001. Maputo yanashika utumbo na kuuvuta kama unavyovuta mkono wa shati refu kwenye kiwiko, unaingia mita nyingi, juu au kupitia chini. Unachukua saa moja hadi tatu, usingizi wa dawa, na una hatari ya kongosho kuvimba au utumbo kutoboka, sio mara nyingi lakini ipo. Ndio maana ukimkuta mtu anataka kuanza na huu wakati kidonge kipo na mgonjwa katulia, muulize kwa nini. Kidonge kinaonesha tatizo liko dakika ya ngapi, daktari anajua aingilie juu au chini. Tatizo likiwa ndani ya theluthi mbili za mwanzo za safari ya utumbo mwembamba, mpira unaingia mdomoni. Mpira unaanza kabla ya kidonge pale damu inatoka sasa hivi na kituo kina mtu wa kuufanya, hapo unaona na kutibu kwa wakati mmoja.

Damu ikiwa inamwagika sasa hivi

Hapa mpangilio unageuka wote. CT ya mishipa inachukua dakika chache, haihitaji kunywa chochote, inaona damu inayotoka kuanzia kama mililita 0.3 hadi 0.5 kwa dakika. Chini ya hapo haioni. Na damu inakuja na kusimama, kwa hiyo ukikaa saa tano kusubiri fundi wa CT na damu imesimama, itatoka safi na hiyo safi haina maana kubwa. Figo zikiwa mbovu au una aleji na ile rangi sema mapema, ila mtu anayekufa kwa damu hawamnyimi skani kwa ajili ya kreatini peke yake.

Ikionesha mahali, kinachofuata ni waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja au mkono mpaka kwenye mshipa unaovuja, unazibwa hapohapo. Wenyewe kama kipimo unahitaji damu itoke zaidi, karibu mililita 0.5 hadi 1 kwa dakika, kwa hiyo kuuanza bila CT ni kubahatisha. Hatari yake utumbo kukosa damu ukafa kipande. Ndani ya nchi uliza hospitali kubwa ya rufaa kama wana daktari wa radiolojia anayetibu kwa waya, Muhimbili wanafundisha fani hiyo.

Skani ya nyuklia yenye chembe nyekundu zilizowekwa alama inaona hata damu ndogo, mililita 0.1 kwa dakika, na inaweza kufuatilia saa nyingi. Ila inaonesha eneo kwa ujumla tu, upande huu wa tumbo au ule, na damu inatembea. Mashine zake ni chache. Matumizi yake ambayo nayapenda zaidi ni kwa mtoto au kijana anayetoka damu nyekundu iliyokolea bila maumivu, kuna skani ya aina yake inayotafuta kifuko cha Meckel, kifuko cha kuzaliwa nacho ambacho watu kama 2 katika 100 wanacho na ndani yake kunaweza kuwa na ngozi ya tumbo inayotoa asidi.

Upasuaji wa kufungua tumbo na kupitisha mpira kupitia utumbo mkononi mwa daktari ni wa mwisho kabisa. Unaona karibu kila kitu lakini ni upasuaji mkubwa. Kufungua tumbo bila mpira, kupapasa tu, kwa vimishipa vidogo hakuoneshi kitu, usikubali haraka.

Vikitoka hasi vyote

Kidonge kikiwa hasi na HB imetulia kwa chuma, mara nyingi inatosha kufuatilia: FBP kila mwezi kwa miezi mitatu, afu kila miezi mitatu. Rudia kidonge pale HB ikishuka kwa 4 au zaidi, au damu iliyokuwa imejificha ikaanza kuonekana kwa macho, hapo kurudia kuna faida kweli. Andaeni kabisa kwenye familia: choo kikibadilika tunaenda hospitali gani, nani ana simu ya kituo cha kidonge, nani anakaa na mgonjwa. Damu ikirudi hamna muda wa kuanza kuuliza.

Shangazi alimeza kile cha majaribio, kikapita. Wiki ileile choo kikawa cheusi, nikapiga simu saa 12 asubuhi, keshokutwa yake akameza kidonge chenyewe. Alikaa siku nzima koridoni na mkanda kiunoni, taa ya bluu inawaka na kuzima chini ya kitenge, kila anayepita anamuuliza. Jioni ya siku iliyofuata nikaitwa kuangalia skrini: ukuta wa utumbo wa waridi, afu nukta mbili nyekundu zilizopakana, kila moja kama tone la rangi ya kucha limedondoka kwenye nguo, na uzi mwembamba wa damu unashuka. Vimishipa vilivyotanuka. Eko ya moyo ilitoka vizuri. Kwa kuwa ilikuwa karibu, mpira wa kusukuma ulitosha, zikachomwa kwa gesi ya agoni, dakika 40 hivi. Diklofenaki zikaachwa, chuma akapewa kwa drip, na HB ya mwisho niliyoiona ni 11.4.

Bahasha ya kaki kaitupa, kanunua faili la plastiki. Karatasi ya mbele kabisa ni ripoti ya kidonge, na juu yake kaandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa ili daktari yeyote aione bila kutafuta: dakika ya 41 baada ya kuingia utumbo mwembamba, pitia mdomoni.